Mpaka Kikohozi Kiishe

Jumatatu, 3 Juni

Nimepoteza stoo yangu ya unga. Leo, saa tisa alasiri. Stoo niliyoijenga mwenyewe baada ya talaka, kwa kuuza mikate, bila kupigwa tafu na mtu. Sasa mna kitanda, na kitandani yumo mama wa aliyekuwa mume wangu. Mifuko minane ya unga imehamia sebuleni. Ukitaka kukaa, unakaa juu ya unga.

Alikuja Ijumaa, kutoka kwa mwanawe anakoishi, kumwona mjukuu wake, binti yangu. Siku mbili tu, alisema. Mvua ikamnyeshea njiani, jana akaanza kukohoa. Leo baba mtoto kapiga simu – sauti ile ile ya kutoa maagizo, ndiyo maana namwita Mkurugenzi. Ati mama asipandishwe basi na kikohozi, safari ni ya saa sita. Akae hapo mpaka kiishe. Nikauliza, na gari lako? Liko gereji.

Mpaka kiishe! Kikohozi hakina tarehe ya mwisho. Oda zangu zinazo.

Jumanne, 4 Juni

Hajalala. Basi na mimi sijalala. Kikohozi kikavu, kile cha kukwaruza, kinaanza kidogo halafu kinamkunja mtu mzima.

Asubuhi nimempa kijiko cha asali na nusu limau kwenye maji ya uvuguvugu. Kanywa, kakunja uso.

– Umeniwekea limau au umeniwekea kinyongo?

– Vyote, Mama.

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, nikashika kikombe tukasubiri kipite.

Bado namwita Mama. Nilijaribu kumwita Bibi, anavyomwita binti yangu, ulimi ukagoma.

Fundi viatu wa hapa jirani kaja kuchukua mkate, kaacha ushauri. Kata kitunguu maji vipande vyembamba, mwagia asali, funika mpaka jioni, mgonjwa anywe ule mchuzi wake. Mjomba wake alitumia hiyo hiyo akafika miaka tisini. Nikamwuliza mjomba alikufa kwa nini. Kikohozi, akasema. Halafu haraka haraka: lakini si kile!

Alhamisi, 6 Juni

Kitunguu na asali. Binti yangu kaonja ncha ya kijiko, kakimbia mpaka uani. Mama kanywa mpaka tone la mwisho. Anasukutua pia maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni. Anasukutua kwa sauti, makusudi, ili mjukuu acheke.

Jana jioni mvuke. Beseni la maji moto mezani, taulo kichwani, uso mbali kidogo asiungue. Mimi nimekaa pembeni nimeshika beseni lisiteleze. Akiwa humo ndani ya taulo akasema, kama anayeongea na maji:

– Kwa mwanangu kila mtu ana chumba chake. Na kila chumba kina mlango wake. Na kila mlango umefungwa.

Nilidhani hakusema na mimi.

Usiku afadhali kidogo. Alfajiri kikarudi chote!

Jumamosi, 8 Juni

Mimi mjinga. Na hesabu najua!

Leo nimekaa nikamhesabu. Akiwa uani anaanua nguo, kikohozi kimoja kwa nusu saa. Akiingia stoo kulala, hata dakika kumi hazifiki, ameanza mfululizo. Nikaingia na taa ya mkononi, nikamulika ukutani. Weupe mtupu. Unga wa miaka mitano umelala kwenye kila tofali. Nilihamisha mifuko, vumbi nikaliacha. Namtibu mchana kwa asali, namlaza usiku ndani ya sababu.

Nimemhamishia chumbani kwangu. Dirisha kubwa, mito miwili kichwa kiwe juu. Alibisha. Mwenye nyumba halali chini kwa ajili ya mgeni, akasema. Nikamwambia silali chini, nalala na binti yangu. Akasema basi ni pale pale, yule mtoto hulala anapigana.

Kweli anapigana. Nina alama za zamani kiunoni.

Stoo nimeipata, kitanda kimekwenda. Ukiniuliza, biashara hii ina hasara. Lakini hakuna aliyenilazimisha.

Jumatatu, 10 Juni

Tumekwenda zahanati, nitulie roho. Foleni mpaka mchana. Daktari kamsikiliza mbele na nyuma. Kifua kisafi. Ni koo tu lilipata mafua, halafu vumbi likalichokoza. Asali iendelee, anywe vitu vya uvuguvugu kwa wingi, akae mbali na vumbi na moshi. Kikifika wiki tatu, au akipata homa, au akiona damu, arudi upesi.

Mimi nikauliza la muhimu kwangu: je, akipata nafuu, anaweza kusafiri? Daktari akasema bila shaka, mama huyu ana nguvu.

Mama kamshukuru kwa yote. Kwa hilo hakumshukuru. Njia nzima ya kurudi alitembea nyuma yangu hatua mbili.

Ijumaa, 14 Juni

Amelala usiku kucha. Tangu alfajiri kakohoa mara mbili, na moja ni ya makombo ya mkate.

Saa kumi na moja alfajiri nikamkuta amesimama mlangoni mwa jikoni, kajifunga aproni yangu ya zamani. Akaliangalia donge langu la unga.

– Hili hujalikanda. Umelibembeleza.

Mimi! Miaka mitano nalisha mtaa mzima! Nikampa nafasi kwa hasira, nione. Akakunja mikono ya gauni, akalisukuma lile donge kwa viganja, uzito wote wa mwili, kimyakimya. Mikono ile. Baada ya robo saa unga ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Mikate imepanda vizuri kuliko ya wiki nzima. Sikumwambia. Nilimwongezea chai.

Fundi viatu akapita, akachungulia.

– Aa, mama kapona!

– Nani kapona? akasema Mama. Akakohoa.

Kikohozi kile sikijui. Kilitoka mdomoni, hakikupita kifuani.

Jumapili, 16 Juni

Jambo la ajabu. Naliandika kama lilivyo.

Mkurugenzi kapiga simu. Gari limetoka gereji. Mama anaendeleaje? Nilitakiwa kusema amepona, njoo umchukue, nirudi kitandani kwangu. Badala yake mdomo ukasema:

– Bado anakohoa.

Sijui ulilitoa wapi! Mimi simdanganyi hata mteja. Mkate wa jana nauita wa jana.

Na pale pale, kutoka chumbani, vikohozi vitatu. Vikubwa, na pumziko katikati, wa huko ng'ambo ya simu asikie vizuri. Mkurugenzi akasema pole, basi aendelee kupumzika.

Nikakata simu. Mama akatoka, akaketi, akachukua brashi, akaanza kupaka mafuta vibati vya mikate. Nikachukua brashi yangu. Tukapaka vyote thelathini na sita bila kutazamana.

Jumatano, 19 Juni

Nimenunua chupa nyingine ya asali. Kwa kikohozi kipi? Usiniulize.

Kila asubuhi nampa kijiko, anapokea. Binti yangu kauliza, Bibi amepona, dawa ya nini? Bibi yake akasema hiyo ni ya kikohozi kijacho. Mtoto akaridhika. Watoto wana bahati.

Siku hizi akitoka shule anakwenda moja kwa moja kwa Bibi, viatu bado miguuni. Wanafanya hesabu za shule pamoja. Mama hajui kusoma vizuri, anamwambia mtoto amweleze, na mtoto akieleza anajikuta ameelewa. Alama zake zimepanda. Mimi nilikuwa namfokea.

Fundi viatu leo kanibana. Kwani yule mama ni nani wako sasa? Nikasema mama mkwe. Akasema lakini mliachana. Nikamwambia niliachana na mwanawe. Yeye hakunipa talaka.

Akachukua mkate wake akaenda, kwa mara ya kwanza bila kuacha ushauri.

Ijumaa, 21 Juni

Uongo wangu umenirudia.

Mkurugenzi kapiga simu mchana. Hakuuliza hali. Alisema kikohozi cha wiki tatu si cha kuchezea asali na vitunguu, mkewe wa sasa amemtafutia mama daktari bingwa, kesho saa nne asubuhi anakuja na gari. Nikasema amepata nafuu. Akasema kama ana nafuu basi anaweza kusafiri. Nikasema hapana, bado bado kidogo. Akasema ndiyo maana nakuja!

Kila mlango niliokimbilia alikuwa ameshauziba. Na hana kosa. Ni mama yake. Nimemwambia mwenyewe anaumwa, mtoto gani angekaa? Hata mimi nilimheshimu kidogo, na hilo limenichukiza zaidi.

Nikaenda kumwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

– Kikohozi kimetuishia kazi, Mama. Ukiwa nacho unapelekwa kwa bingwa. Ukiwa huna, unaweza kusafiri. Niambie wewe unataka nini.

– Mgeni hachagui mlango wa kutokea.

– Mgeni haniambii donge langu limebembelezwa.

Akatabasamu kidogo sana. Halafu akasema macho yanamuuma, atamalizia mchele kesho.

Kesho!

Jumamosi, 22 Juni

Saa tatu kasoro. Naandikia juu ya meza ya kukandia, mikate iko kwenye oveni.

Begi lake limesimama sebuleni, limefungwa. Yeye yuko jikoni, amevaa aproni. Sijui nisome lipi.

Nimemwuliza tena, nimesimama mbele yake. Akaweka kisu chini.

– Nikisema nakaa, nimemtukana mwanangu mbele ya mkewe. Nikisema nakwenda, nimekutukana wewe. Mtu mzima afanye nini, mwanangu? Anakohoa.

Nikamwambia basi niache nimtukane mimi, nina uzoefu naye. Akacheka mpaka akashika meza. Kicheko kitupu, safi, hakuna kikohozi nyuma yake. Mapafu ya kupiga parapanda!

Lakini siwezi kusimama mlangoni nikamzuia mtu kumchukua mama yake kwa neno ambalo mama mwenyewe hajalisema. Nikamwambia hivyo. Hapo ndipo akanigeuzia kibao.

– Na wewe? Wiki tatu umeniuliza koo, umeniuliza usingizi, umenipimia asali kwa kijiko. Hujaniambia kaa.

Oveni ikaninusuru. Nikaenda kuangalia mikate ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Saa tatu na nusu. Mikate nimetoa. Binti yangu amekaa juu ya begi, hataki kushuka, hasemi kwa nini.

Saa nne kasoro kumi na tano. Nimesema. Nilikuwa napanga mikate, mgongo umemgeukia, neno likatoka dogo, kavu, nikadhani hakulisikia. Kaa. Nikaongeza kwamba stoo nitaipaka rangi ya mafuta isishike vumbi, itakuwa chumba kamili, unga utahamia kwenye korido – nikajikuta nasoma vipimo vya korido.

Nikageuka. Amekaa, mikono mapajani, ananitazama. Machozi yapo lakini hayajashuka.

Nikamwambia, mimi langu nimelisema, Mama, na unajua lilivyonigharimu. Sasa lako. Saa nne ikifika gari litakuwa mlangoni, na mimi ndiye nitakayefungua. Nataka neno moja kabla ya hapo, ndiyo au hapana. Unakaa, au unakwenda? Methali sitaki. Na usithubutu kukohoa!