Barua Zako Katika Faili la Zuhura

S.L.P. 41,
Mchinga,
Lindi.

12 Septemba, 1999.

Mpendwa Kaka Saad,

Assalaam aleikum, na shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe, wifi Nasra na watoto, na joto la Maskati liwe limeanza kupungua. Presha yako inaendeleaje? Uliniandikia kuwa umeambiwa upunguze chumvi. Tafadhali upunguze kweli, usifanye kama marehemu baba, aliyekuwa akiitikia kila aliloambiwa na kutotenda hata moja.

Sisi huku hatujambo. Mama anatembea, mguu humsumbua asubuhi tu, jua likipanda anausahau. Cherehani uliyoniletea haipumziki, maana shule zimebadilisha rangi ya sare na kila mzazi anataka ya mwanawe iwe ya kwanza. Muhogo umekubali mwaka huu. Nazi hazina bei, lakini hilo si geni kwako.

Kaka, nina neno. Nimelikalia karibu wiki tatu nikiogopa kuliandika kwa hasira. Hasira haijaisha, ila sasa angalau naweza kuyapanga maneno.

Zuhura alianguka shuleni. Ilikuwa Jumanne ya tarehe 24 Agosti, wamepanga mstari asubuhi. Mwalimu Benadetha aliniletea nyumbani akiwa amempakia nyuma ya baiskeli na kumfunga kiunoni kwa khanga yake mwenyewe ili asidondoke. Nilipomweka mwanangu mkono kifuani, moyo ulikuwa unakwenda kama wa kuku aliyekimbizwa. Midomo imekauka. Nikamwita, akaniangalia kama mtu anayeangalia ukuta.

Unamjua Zuhura alivyo. Ni mtoto wa kutumwa chumvi akarudi na kiroba cha habari za mji mzima, chumvi hana na kandambili moja hana. Darasa la nne lakini hakuwahi kumaliza ukurasa mmoja bila kuinuka. Walimu walimchapa, mimi nilimchapa, Mungu anisamehe. Wewe ndiye uliyesema hapana, huyu mtoto si mkaidi. Wewe ndiye uliyesikia kwamba Lindi kuna Daktari Dionis, aliyesoma ng'ambo na kufungua zahanati yake tangu serikali iruhusu watu binafsi, na kwamba anautambua ugonjwa wa watoto wasioweza kutulia. Ukaniambia nimpeleke, gharama zote juu yako. Nilikuombea dua usiku na mchana.

Na dawa ilisaidia, hilo sitalikana. Februari tulianza na nusu ya kidonge kidogo cheupe asubuhi, nusu mchana. Baada ya wiki mbili akakaa kwenye mkeka na kusoma hadithi nzima kutoka juu mpaka chini, kisha akaniuliza, "Mama, kumbe mwisho wake ndio huu?" Nililia. Akakuandikia barua kwa mkono wake, nawe ukajibu kwamba umewasomea wenzako kazini.

Laiti tungebaki hapo.

Mwezi wa Mei daktari alinipa vidonge vya njano. Nikamuuliza, "Mbona rangi imebadilika?" Akasema, "Ni kiwanda kingine, mama. Mpe kama ulivyozoea." Nikampa kama nilivyozoea. Julai akasema sasa mwili umeshaizoea, nimpe kizima. Nikampa kizima.

Zuhura akaacha kula. Wali wa nazi, ambao alikuwa akigombania ukoko wake, ukawa unapoa mbele yake. Usingizi ukamtoka. Alitulia, naam, alitulia sana. Alikuwa anakaa ukumbini akichuna ngozi ya vidole vyake, hamchokozi mtu, hamuulizi mtu kitu. Majirani wakanipongeza kwamba sasa mtoto amekuwa na adabu. Siku moja mama alimtazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Mwahija, huyu mtoto yuko wapi?"

Ndipo nilipokuandikia kuwa nina wasiwasi, mtoto anakonda, nataka dozi ipunguzwe. Jibu lako ninalo hapa mbele yangu, la tarehe 20 Julai: "Dada yangu, mwamini daktari. Yeye ndiye aliyesoma. Sisi tusitie mikono yetu."

Sasa nikuambie nilivyopata habari. Siku ile alipoanguka nilimkimbiza Lindi. Daktari Dionis alikuwa amesafiri. Muuguzi wake, Tawakali, alimshika Zuhura mkono, akahesabu mapigo, akasema nisimngoje daktari, nimpeleke hospitali ya serikali saa ile ile. Akaniwekea faili lote mkononi. "Lichukue, dada," akaniambia. "Wakati wa kungoja foleni, lisome."

Nikalisoma, kaka. Mwandiko wako ningeujua hata gizani.

Zilikuwa barua tatu. Ya kwanza unamshukuru, unamuuliza kama nusu imefanya hivi, kizima kitafanyaje. Unamwambia unataka kumchukua Januari aje kusoma huko kwenu, na huko shule haimpokei mtoto wa kurukaruka. Baadaye kuna nakala ya jibu la daktari. Alikukatalia, kaka! Aliandika kwamba kwa uzito wa mtoto inafaa kubaki pale pale, na kwamba mama yake ni lazima ajue. Kisha barua yako ya tarehe 2 Mei. Nimeisoma mara nyingi mpaka naijua kwa moyo: "Mimi ndiye mjomba wake na mimi ndiye ninayelipa. Dada yangu ana moyo mwepesi, akiambiwa atakataa. Wewe ongeza, yeye mwambie dawa ni ile ile."

Dawa ni ile ile.

Hospitali tulipokewa na Bwana Erasmo, mganga mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpima Zuhura uzito: kilo kumi na tisa. Kwenye faili, Februari alikuwa na ishirini na tatu. Akaweka kidonge cheupe na cha njano pamoja kiganjani, akanieleza polepole kwamba cha njano kina nguvu mara mbili ya cheupe. "Mama, mtoto huyu anakunywa mara nne ya alichoanzia. Nani alikuwa anampa?"

Nikamjibu, "Mimi."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hukuja wewe kumpa. Ulikaa Maskati ukautumia mkono wangu. Nilikuwa nikikiponda kidonge kwa kijiko na kukitia kwenye uji, nikimbembeleza ameze, nikimwambia meza mwanangu, ni mjomba wako anakupenda. Na nilipopiga kelele, nilikupigia wewe, nawe ukanirudishia maneno ya kuninyamazisha hali ukijua kila kitu.

Najua kwa nini ulifanya. Sijasahau chuoni kwa maalimu, ulivyokuwa ukifungwa mguu kwenye nguzo kwa sababu hukuweza kukaa, na mimi mdogo wako nikikuletea maji. Ulitaka Zuhura asiyapate yale. Lakini wewe ulifungwa ukamwona aliyekufunga, ukamchukia, ukapona. Zuhura alifungwa kwa ndani, na hakuiona kamba.

Daktari Dionis aliporudi nilimfuata. Sikupiga kelele, nilimwekea barua zako mezani. Aliinamisha kichwa. "Mama Zuhura, nilikosea," akasema. "Lakini anayelipa akishikilia jambo, na zahanati ndiyo kwanza inasimama..." Nikamwambia, "Mgonjwa wako ni mtoto, si mjomba." Niseme haki yake: alijaribu kukukataza mara moja, na mara moja ni zaidi ya ulivyojaribu wewe kuniambia.

Bwana Erasmo alisimamisha dawa siku kumi. Siku zile zilikuwa ngumu, Zuhura alilia bila sababu na kulala mchana kutwa. Kisha akampigia simu mtaalamu wa Dar es Salaam, wakakubaliana arudi kwenye nusu ya kidonge cheupe, asubuhi ya siku za shule tu. Kila Ijumaa nampeleka kupimwa uzito na mapigo. Ijumaa iliyopita alikuwa kilo ishirini na nusu. Juzi amenipotezea mkasi wa kushonea, na alipoulizwa akanipa maelezo marefu ya kuku, jirani na mti wa mpapai, lakini mkasi hakuutaja. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Mama sijamwambia. Nilipotaka kuanza, akatangulia kusema tumshukuru Mungu kwamba Zuhura ana mjomba. Nikarudi kwenye cherehani. Sijui kama nilifanya vizuri.

Sasa nakuomba, na usilichukue kama ombi la kujadiliwa. Usimwandikie tena Daktari Dionis. Nimeshalichukua faili, liko sandukuni kwangu. Ukitaka kusaidia dawa, nitakushukuru, kwa kuwa peke yangu sitaiweza. Lakini pesa itumwe kwa jina langu, na kila kitakachoongezwa au kupunguzwa kitapita masikioni mwangu kwanza. Ukiona huwezi kusaidia kwa masharti hayo, niambie waziwazi, nitashona sare za Lindi nzima. Na Januari haji kwako. Hata ukituma tiketi haji.

Kwetu mjomba ana haki kwa mpwa wake, sikatai, tumelelewa hivyo. Lakini mjomba aliye mbali huitumia haki hiyo kupitia kwa mama wa mtoto. Hajifichi nyuma ya daktari.

Zuhura mwenyewe hajui. Ameniuliza mara mbili kwa nini aliumwa, nikamwambia dawa ilikosewa. Ameniuliza nani aliyekosea, nikamwambia aliyekosea atakuja mwenyewe amwambie. Tangu siku hiyo kila mgeni akipiga hodi, anamtazama usoni.

Msalimie sana wifi Nasra, umwambie kitambaa chake kimefika na nitakishona. Wasalimie watoto wote, na Bwana Mfaume ukikutana naye msikitini. Mama anakusalimu na kukuombea. Mwalimu Benadetha anakusalimu, hakujui ila amesikia sifa zako kwa Zuhura.

Mungu akulinde na akuzidishie afya, na akupe moyo wa kulijibu hili kwa ukweli. Nauli ya kuja huku unaijua mwenyewe. Njoo umkalishe mtoto, umwambie kwa kinywa chako.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na niliyekukasirikia,

Mwahija