Maji Aliyoonja Shangazi

Mabamba, Kibondo
Agosti 1997

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye. Naanza kwa kuuliza goti lako: bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni, au ile dawa ya kuchua imelituliza? Sisi huku tu wazima, watoto wanakula na kugombana, na mvua bado hatujaiona. Mdogo wangu Skola anayekusomea barua hii asome polepole, na asiruke mahali, maana namjua.

Mama, salamu zako za mwezi uliopita dereva wa lori alinifikishia. Uliwasalimu watoto, ukanisalimu mimi, ukamsalimu hata jirani yangu uliyemwona mara moja tu. Mume wangu hukumtaja. Nilielewa. Bado unaikumbuka Pasaka, tulipokuja Titye ukahangaika siku nne kumtengenezea mkweo pombe ya ndizi. Uliionja kwanza kwa mrija mbele ya watu, kama ipasavyo, halafu yeye akasema ameshiba. Kwetu mtu akikataa ulichokionja ni kama amesema umemwekea sumu. Uliumia, na mimi nilikuona ukiumia nikanyamaza. Kosa hilo ni langu, na leo nalitubu.

Ukweli ni huu. Wiki mbili kabla ya Pasaka, Baba Joni alikwenda hospitali Kibondo kwa sababu ya kidonda cha mguuni kilichokataa kupona. Walipompima damu, daktari akamwambia sukari yake imepanda, ila haijafika pa kuitwa ugonjwa wa kisukari. "Umesimama mlangoni," akamwambia. "Ukijitunza unaweza kurudi nyuma. Ukizembea, utaingia." Na unajua baba yake alivyokufa, walivyomkata mguu kwanza. Alirudi nyumbani akaniapisha nisimwambie mtu. Aliona aibu, mwanamume aliyezoea kubeba magunia kuambiwa ana ugonjwa wa mabosi. Na wewe angekuelezaje? Mkwe hamsimulii mama mkwe habari za mwili wake.

Sasa niache nimsifu, maana nisipomsifu mimi atasifiwa na nani? Tangu wakimbizi waanze kuvuka mpaka na yeye kupata kazi ya kutunza ghala kambini, alikuwa mtu wa kiti, na tumbo likamtangulia kila anakokwenda. Kazini ni mwendo wa saa nzima. Siku hizi, kidonda kikiwa kimepona, anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, baiskeli ameniachia mimi ya kwendea sokoni. Wenzake wakamcheka kwamba ameiuza, akawajibu anaipumzisha. Tonge la ugali wa muhogo limepungua likawa kama ngumi, nafasi iliyobaki sahanini ni ya maharage, mboga ya lengalenga na dagaa. Chai anakunywa bila sukari. Mimi niliionja siku moja nikaitema nje. Ndizi mbivu anakula moja tu, tena baada ya kuniangalia usoni.

Daktari alimwandikia na vidonge, kwa ajili ya uzito wake na habari za baba yake. Anameza kimoja na chakula cha asubuhi na kimoja na cha jioni. Mwanzoni vilimvuruga tumbo nikadhani atavitupa chooni. Hakutupa. Mama, sikujua niliolewa na mtu mwenye moyo wa namna hiyo.

Lakini pombe ndiyo iliyomtesa, si kwa kiu, kwa watu. Mwezi uliopita walikuja kumposa Yulita, mdogo wake wa mwisho. Baba yao hayupo, kwa hiyo pombe ya posa ilikuwa ya Baba Joni kuipokea. Asipokunywa yeye, ni kama posa ya msichana imekataliwa. Mjomba wake alimshauri anywe funda moja tu, mambo yaishe. Akamwambia anajijua, yeye hana funda moja.

Wageni wakatua mtungi, wakaonja, wakampa mrija. Akaushika, akausimamisha mkononi, halafu akasimama mwenyewe.

"Wazee," akasema, "pombe yenu siiogopi, na kijana wenu nampenda. Ila mimi sukari iko mlangoni kwangu. Baba yangu mliyemjua, ndiyo iliyomchukua. Nataka nimbebe mtoto wa Yulita nikiwa na miguu yangu miwili."

Yulita alikuwa nyuma ya pazia amenishika mkono hadi ukauma. Ndipo shangazi wa yule kijana, mama mnene mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe, akavuta kibuyu chake cha maji ya njiani. Akanywa kwanza yeye, akafuta mdomo, akampa kwa mikono miwili.

"Nywa, mwanangu," akasema. "Na haya ni yetu."

Akanywa hadi tone la mwisho. Wazee wakavuta mirija yao, na Yulita akawa ameposwa. Nililia, mama, sikujificha.

Wiki iliyopita wamempima tena. Sukari imeshuka, daktari amemwambia asilegee wala asiache dawa bila kuambiwa. Suruali zake sasa anazifunga kwa kamba. Na kiapo changu amekifungua mwenyewe, ndiyo maana nakuandikia. Ila kwako bado anaogopa. Amesema Noeli nije Titye na watoto tu, asije akakuaibisha mara ya pili.

Msalimie kaka Filemoni, mwambie viatu vya mwanawe nimeviona sokoni, nitavileta. Msalimie mama mdogo anayekutekea maji, na shemeji anayekulimia shamba la mihogo.

Nakuomba jambo moja, mama. Mwite mkweo Noeli, umwite kwa jina lake, dereva huyu huyu ataleta neno. Akifika usihangaike na ndizi. Chota maji kwenye mtungi wako, uonje mbele ya watu wote walioona ile Pasaka, kisha mpe.

Atayamaliza.

Mwanao akupendaye,
Anastazia, Mama Joni