Joyness Kwenye Mizania

Uyole, Mbeya

Baba Lusajo,

Huku baridi imezidi, na Lusajo kang'oka jino la mbele. Ile mizania ya kampuni uliyonitumia niikague kabla hujaipeleka benki nimeisoma. Programu yenu ya simu ya kuuzia nyanya za Ilula inakwenda vizuri, hongera.

Ila kwenye mikopo ya muda mfupi nimekuta jina la Joyness. Iringa nzima ulikosa pa kukopa, isipokuwa kwa huyo uliyetaka kumuoa kabla yangu?

Ng'ombe wangu, yule niliyemuuza ukanunulia kompyuta ya kwanza, hayumo popote kwenye hiyo mizania, si upande wa mali wala wa madeni. Sikudai aandikwe. Basi mlipe Joyness upesi, afutike. Mimi hukuniandika, kwa hiyo huwezi kunifuta.

Mkeo uliye naye bado,
Ikupa