Majina Yaliyonyamaza

Nkuhungu, Machi 2004

Dada Lea, shikamoo.

Mdogo wako nimeula! Mimi ndiye bingwa wa tovuti Dodoma nzima. Hata wabunge wananiita profesa, usicheke. Leo kumbikumbi wametua kwenye skrini, nikaona kama herufi zimeota mbawa, zinaruka kuja kwako Buigiri, na kompyuta yako inakuimbia moja moja.

Uliandika kwamba kompyuta ilifika kwenye majina ya waliochaguliwa chuo cha ualimu ikanyamaza, ukalia ukijua umekosa. Hukukosa! Orodha iliwekwa kwenye tovuti kama picha, na kompyuta inayowasomea wasioona haisomi picha. Nimeyachapa majina yote upya. Wewe ni wa tisa. Wahi, usajili unafungwa Ijumaa.

Ubingwa nimekudanganya, dada. Aliyeweka ile picha ni mimi.

Octavian