Nyumba Yetu Imo Ndani ya Mkuza

Baba,

Tangu tulipokuzika kando ya bustani ya nyanya sijakuandikia, kwa kuwa nilisubiri habari njema. Hata leo sina.

Walikuja wapimaji wa laini kubwa ya umeme. Njia yake wanaiita mkuza, na ndani ya mkuza hairuhusiwi nyumba wala mti mrefu. Nyumba yetu imo. Na wewe umo. Walipaka X nyekundu ukutani, nyingine kwenye msalaba wako.

Kesho yake Mama alikanda udongo akausiriba ukuta wote, akasema nyumba yenye msiba haiachwi na doa. Unamjua. Ulikuwa ukimtania kwamba atasiriba hata mawingu. Mimi nilimchotea maji.

Hatukujua kwamba mthamini, yule wa kukadiria fidia, angefuata alama. Alipopita aliandika nyumba za majirani, yetu akairuka. Baba mdogo alicheka sana. "Shemeji, umeishinda serikali kwa tope!" Nasi tukacheka, mara ya kwanza tangu uondoke.

Nikaenda kwa afisa ardhi ili niwe na uhakika. Akasema nyaya zitapita vilevile, ila sisi tutabomolewa bila fidia. Nilimwuliza tuna njia gani. Alinieleza taratibu: tukubali uthamini, au tupinge kiwango kwa maandishi, au tuombe laini isogezwe kabla nguzo hazijasimikwa. Mahakama ipo pia. Lakini serikali inaruhusiwa kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, na wengi wanaoshtaki huishia kubishania malipo, si njia ya nyaya.

Tuliomba laini isogezwe. Wakakataa, kwa sababu upande wa pili kuna shule.

Ndipo nikamwomba mthamini arudi. Baba, nilikwangua udongo wa Mama kwa mikono yangu ili X ionekane. Yeye alikuwa jikoni, amenipa mgongo. Sasa nyumba imeandikwa, na kiwango chao tumekipinga kwa maandishi, jibu bado. Mama ananipa chakula, hanipi maneno. Jana tu, nilipomwambia kwamba wewe utahamishiwa shamba la juu, karibu na kanisa, alisema, "Baba yenu hajui njia ya huko."

Wewe ndiye ungemjibu.

Wenye laini wanasema watachimba kaburi wao, wana watu wa kazi hiyo. Nimewaambia wakae pembeni. Tutachimba mimi na baba mdogo, mchungaji akiwepo, na Mama atatangulia njia nzima akikuita kwa jina, akitaka. Asipotaka, nitakuita mimi. Ukisikia jembe juu yako usishtuke, Baba. Si wageni. Ni sisi, tumekuja kukuchukua.

Lala hapo kwa sasa.

Mwanao