Swali la Solange

Jumatano, Kansanga

Solange kanishinda tena. Wiki nzima nimehangaika na swali langu la dodoso: "Kwa kipimo cha moja hadi tano, una huzuni kiasi gani?" Leo tulilijaribu kwa Mama Neema, mkimbizi kutoka Bukavu anayeuza vitenge. Akacheka.

"Mwanangu, huzuni inahesabiwa?"

Solange, ambaye ana mwezi mmoja tu ofisini kwetu, akamwuliza, "Mama, wiki hii ulikosa usingizi siku ngapi?"

"Nne," akajibu, kisha akaanza kutueleza kwa nini.

Mkubwa wetu alimsifu Solange mbele ya wote. Nilipiga makofi huku roho ikiniuma, maana swali lake linapima na langu halipimi.

Nilipolichapa swali lake kwenye dodoso, penye jina la mtunzi niliandika langu. Nikalitazama muda mrefu. Nimelifuta, nikaandika lake.