Mama, Bureau Yangu Imepata Pazia

Mama yangu wa jikoni kwetu Musienene,

Kwa heshima zote, mbele ya ukoo mzima, walio hai na waliotangulia, ninatangaza rasmi ya kwamba bureau yangu, ofisi yangu ya mjini, imepata pazia. Ni la kitambaa cha kahawia. Amelishona mke wangu Masika, na upande mmoja ni mfupi kuliko mwingine kwa sababu alikuwa anashona huku ananihubiria. Hapakuwa na padri wala hotuba. Jirani alipita, akatazama, akasema, "Ah, umeweka rideau," akaenda zake.

Uliondoka kabla sijafungua hii bureau, kwa hiyo nikueleze kidogo. Ninauza ushauri kwa wafanyabiashara. Najua ungeacha mwiko ndani ya sufuria na kuniuliza, "Kambale, mutu anaweza kuuzisha maneno?" Anaweza, Mama. Nilikuwa nimewaona wageni wakishuka kwenye magari yao, wanaketi na wachuuzi wetu nusu siku, wanawaambia mambo wanayoyajua tayari, kisha wanaondoka wakishukuriwa. Nikajisemea, hiyo hata mimi naweza, tena kwa Kinande chetu.

Shule, unajua, niliiachia njiani. Biashara nilijifunza nikiwa nimekaa juu ya magunia kwenye magari ya maharagwe, na ndani ya kile kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, ambacho wewe ulikuwa unafunikia mtungi. Kwa hayo mawili nikakodi chumba kwenye barabara kubwa ya Butembo. Nikaweka mlango wa vioo kuanzia juu mpaka chini. Nilitaka kila mpita njia anione nikifikiri.

Waliniona. Kuingia, hakuna aliyeingia.

Masika akanipa muda mpaka Pasaka. "Pasaka ikifika bila muteja, unaenda Beni kwa kaka yangu." Kaka yake ana quincaillerie kule, misumari, mabati, kufuli. Shemeji si mtu mbaya, ila anaongea na mimi kama mtu anayepima misumari: kidogo kidogo, na jicho kwenye mizani. Alikuwa amekwisha nitumia blouse ya kazi, ya bluu, yenye jina la duka lake mfukoni. Masika aliitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Kila asubuhi nilikuwa naamka, blouse inaniangalia.

Ndipo akaja Papa Kasereka, muuza vitenge. Aliingia haraka kama mtu anayekimbia mvua, akaongea kwa sauti ya chini, na macho yake hayakuacha vile vioo. Alipomaliza, nilimsindikiza mpaka nje, kama ulivyotufundisha kusindikiza mgeni. Nikashika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Kisha, kwa sauti ile ya kusoma somo kanisani, nikasema, "Papa Kasereka, shida yako tutaimaliza."

Kwenye barabara kubwa, Mama. Butembo. Mji ambao mfanyabiashara anaishi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiwa na wasiwasi. Kabla chakula cha mchana hakijaiva, wale wanaompa vitambaa kwa kuaminiana, alipe baadaye, walikuwa wanapita dukani kwake mmoja mmoja, kumsalimia na kumuuliza afya. Mmoja alimletea maparachichi, kama mtu anavyokwenda kutazama mgonjwa.

Papa Kasereka akamkuta Masika sokoni. "Ambia bwana yako, tukikutana mu njia, asinisalimie."

Niliketi nyuma ya vioo vyangu nikakukumbuka. Unakumbuka jikoni kwetu kulikuwa na milango miwili? Wa mbele ulikuwa wa wageni na wa katekista. Wa nyuma, ule ulioelekea migombani, ulikuwa wa akina mama wenye shida. Lakini hata mmoja hakuwahi kusema ana shida. Walikuwa wanasimama pale mlangoni: "Maman, unisaidie kachumvi."

"Ingia, chumvi iko."

Chumvi ilikuwepo, lakini haikutoka mara moja. Kwanza ulimpa ungo wa maharagwe achambue mawe. Wewe ulishika wako. Mkawa mmeinamisha macho wote wawili, mawe yanalia ndani ya kopo, na hakuna anayetazama uso wa mwenzake. Uliuliza neno moja tu, "Ulishakula?" Kisha kimya. Na kimya kikikomaa: "Na weye, unaona namna gani?" Basi huyo mama alikuwa anamwaga yote, na mara nyingi dawa ya shida yake alikuwa ameileta yeye mwenyewe, kwenye nguo, pamoja na mtoto mgongoni. Wewe ulimfungia tu chumvi kwenye jani la mgomba.

Mimi nilikuwa nanung'unika kwamba mboga yetu haina chumvi kwa sababu yote inakwenda kwa majirani. Siku moja nikakuuliza kwa nini unampa hata Maman Kahindo, ambaye mume wake anauza chumvi. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Mutoto, mutu mwenye alikuya na shida, hapana kutoka mikono mitupu. Watu watamuuliza alienda kufanya nini."

Donc basi, pazia. Nililifunga kwenye vioo. Nikafungua mlango wa nyuma, ule wa kichochoroni, ambao nilikuwa nimeuziba kwa meza. Siku ya soko nikapanda Musienene, nikashusha gunia la maharagwe, nikaliweka karibu na mlango wa mbele. Nikamtuma Masika amwambie Papa Kasereka kwamba sasa nauza maharagwe.

"Uko bien kweli?" akaniuliza Masika. Lakini alikwenda.

Papa Kasereka alikuja katika Juma Takatifu, na kikapu. Alisimama barabarani akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa fundi baiskeli, "Nasikia hapa kuko maharagi."

"Iko, Papa. Ingia uchague."

Nyuma ya pazia nikampa ungo. Aliutazama, akatazama saa yake ya dhahabu, akanitazama mimi. "Mimi? Kuchambua?"

"Mikono tu, Papa. Kichwa iendelee na kazi yake."

Akachambua. Mimi nikafunga mdomo, na hiyo, Mama, ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizojifunza katika biashara hii. Neno *stratégie* lilikuwa tayari kwenye ulimi, nikalimeza kama kwinini. Baadaye akasema anataka kufungua boutique ya pili, Beni, kwa sababu mdogo wake Kakule amefungua kule na watu wanasema amempita.

"Na weye, Papa, unaona namna gani?"

Jiwe kwenye kopo. Jiwe lingine.

"Naona ile boutique hapana ya biashara. Ni ya kushindana na Kakule."

"Hm."

"Niache?"

"Ulishakula, Papa?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alitoka na kikapu chake kimejaa, na nje akaanza kulalamika juu ya bei, kwa nguvu, mpaka watu wakageuka. Mtu anayelalamikia bei ya maharagwe, Mama, hajazama. Jioni ile ile Butembo yote ilikuwa imetulia kuhusu afya yake.

Baada yake walikuja wengine, kila mmoja na kikapu chake. Mmoja alitoka mbali, Mangina, kwa ajili ya kakao yake. Majina siyataji, wewe hukutaja hata moja. Pasaka ilifika, tukaenda misa, tukala. Ile blouse ya bluu sasa Masika anaitumia kushikia sufuria ya moto.

Watu wakiniuliza nilisomea wapi kazi hii, nilikuwa najibu: kwenye magari, na ndani ya kitabu. Sasa najibu hivyo hivyo, kwa sababu ukweli ni mrefu na wao wana haraka. Lakini mtu akikaa pale nyuma ya pazia na kunyamaza, mimi nakusikia ukipuliza moto. Ningependa siku moja wewe mwenyewe uje kwa mlango wa nyuma, useme umekosa chumvi. Ningekupa ungo mdogo, ule mwepesi. Ningekuuliza kama ulishakula. Ningenyamaza mpaka kimya kikomae, na ungeniambia yale ambayo hakuna aliyekuuliza miaka ile yote, wakati sisi sote tulikuwa tunangojea mboga.

Nikipanda tena Musienene nitang'oa majani kaburini. Pumzika, Mama. Mlango wa nyuma sijaufunga.

Mwanao wa pili,
Kambale

Nimesahau: shemeji alipiga simu kutoka Beni. Anasema habari imefika mpaka kule kwamba maharagwe ya bureau yangu hayana hata jiwe moja. Juu ya ushauri hakuuliza. Anataka magunia mawili.